Sura ya Sita: Kambale wa Januari

Ikifika katikati ya Novemba, maegesho ya magari kando ya Ziwa Texoma huanza kubaki wazi. Tela za mashua hupungua, wauza chambo hufunga mapema, na watu hufuta fimbo zao, hutia rili mafuta na kuzitundika gereji mpaka Aprili. Ukiwauliza sababu watakuambia samaki amelala. Jibu hilo ni kweli tupu kwa samaki mmoja, nusu kweli kwa wa pili, na kwa wa tatu ni uzushi. Huyo wa tatu ndiye mkubwa kuliko wote.

Kambale wanaotafutwa na wavuvi mpakani mwa Texas na Oklahoma ni wa aina tatu. Anayelala kweli ni kichwa-bapa, Pylodictis olivaris, samaki wa rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia, mpenda kula samaki walio hai. Maji yakipoa sana hujibanza nyuma ya gogo au kwenye shimo lisilo na mkondo, akatulia hapo wiki nyingi bila kula kitu cha maana. Wapo walioonekana wakiwa wamefunikwa na tope mgongoni kwa kukaa tu. Wa pili ni kambale wa mfereji, Ictalurus punctatus, yule anayefugwa kwa wingi katika mabwawa ya Mississippi na Alabama na kuuzwa minofu kwenye barafu. Huyu baridi humpunguza mwendo na hamu, lakini hula. Wa tatu ni kambale wa buluu, Ictalurus furcatus, na sura hii ni yake.

Msomaji aliyemzoea kambale mumi wa mito na madimbwi yetu asidhani anajua tabia za hawa kwa kuwa wote wana sharubu. Mumi ana kiungo cha kupumulia hewa, ndiyo maana huweza kuvumilia dimbwi lililokauka nusu. Wa Marekani hana kiungo hicho. Maji yakikosa oksijeni naye amekwisha. Lakini ana uwezo wa kuendelea na kazi katika maji ya nyuzi joto 7 au 8 za Selsiasi, maji ambayo ukitumbukiza mkono ndani unauma mpaka mfupani.

Ni jambo linalohitaji maelezo, kwa sababu samaki hawezi kujitengenezea joto. Mwili wake una joto lile lile la maji yaliyomzunguka, na kwa kipimo cha jumla kila maji yanaposhuka nyuzi 10, moto wa ndani ya mwili hupungua karibu nusu. Kambale aliyekuwa kwenye maji ya nyuzi 26 mwezi wa Septemba anahitaji theluthi tu ya chakula kile ifikapo Januari. Mlo mmoja humchukua siku kadhaa kuusaga. Kwa hesabu hiyo angeweza kabisa kufanya kama kichwa-bapa na kulala. Kinachomtoa ni shadi.

Shadi ni samaki wadogo wa rangi ya fedha wanaokwenda kwa makundi makubwa, jamaa wa karibu wa dagaa wa Kigoma. Katika mabwawa haya wapo wa namna mbili, na mmoja wao, shadi wa uzi, aitwaye hivyo kwa uzi mrefu unaotoka nyuma ya pezi la mgongoni, ni mtoto wa kusini asiyeweza baridi. Maji yakikaribia nyuzi 7 huanza kupoteza mwelekeo. Yakiteremka karibu na 5 hufa kwa maelfu. Unawaona juu ya maji wakilala ubavu, wanajizungusha mara mbili tatu, wanazama polepole. Shakwe huwashukia kutoka juu. Chini yupo kambale wa buluu, ambaye hahitaji kufukuza mtu. Chakula chenye mafuta kinamteremkia mdomoni wakati ambapo mwili wake unadai kidogo. Kwa samaki mvivu hakuna msimu mtamu zaidi ya huo, na wengi hunenepa wakati wa baridi kuliko kiangazi.

Kwa hiyo mvuvi wa Januari huanza kwa kutazama juu. Shakwe wakipiga mbizi mahali pamoja, weka alama. Mnandi nao wana habari zao: wanapolala usiku kwenye miti iliyokufa majini, kinyesi chao huanguka chini mfululizo, na kambale wa mfereji hukusanyika pale kula. Si habari ya kusimulia mezani, lakini miti hiyo ni mahali pa uhakika.

Texoma lenyewe ni bwawa, si ziwa, ingawa kila mtu huliita ziwa. Jeshi la Wahandisi la Marekani lilifunga Mto Red kwa Bwawa la Denison, lililokamilika mwaka 1944, na baadhi ya vibarua walikuwa wafungwa wa vita Wajerumani waliokamatwa Afrika Kaskazini. Maji yalifunika hekta zipatazo 36,000 za mashamba, barabara na vijiji, pamoja na mahali ulipoungana Mto Washita na Red. Mikondo ya zamani ya mito hiyo miwili bado ipo chini, kama mabonde yanayopinda kati ya nyanda tambarare, na ramani za kina zinaionyesha vizuri.

Wakati wa kiangazi bwawa la namna hii hujigawa. Juu hukaa maji ya moto, chini maji ya baridi yasiyo na hewa, na samaki wote hubanwa kwenye tabaka la juu. Vuli ikiingia, maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama na kuchanganyika na ya chini. Kufikia Desemba joto huwa karibu sawa kutoka juu mpaka sakafuni, na oksijeni ipo kila mahali. Kwa mvuvi hiyo ni habari njema na mbaya kwa pamoja: samaki sasa anaweza kuishi popote, na kwa hiyo anaweza kuwa popote. Unaweza kumkuta mita 12 ukingoni mwa mkondo wa zamani, na siku hiyo hiyo saa tisa alasiri, jua likiwa limepiga tangu asubuhi kwenye ufuko wenye matope meusi, ukamkuta kwenye mita moja na nusu. Watu wengi hawaamini hili la mwisho. Wanadhani baridi ni kina. Nyuzi moja au mbili za ziada kwenye maji mafupi zinatosha kuwavuta shadi, na shadi wakienda, kambale huwafuata.

Hapa ndipo chombo chetu kinapoingia.

Tyubu ya kuvulia ilianza kwa ujanja wa watu wasio na fedha ya mashua. Wavuvi wa Marekani walichukua tyubu ya tairi la lori, wakaishonea kiti cha turubai katikati, wakapitisha miguu na kuingia majini. Mtoto yeyote aliyejifunza kuogelea kwenye bwawa la kijijini Afrika Mashariki anajua nusu ya kwanza ya uvumbuzi huo. Za siku hizi hazina umbo la duara tena. Zina umbo la herufi U au V, wazi mbele, zenye vyumba viwili vya hewa ili kimoja kikitoboka kingine kikurudishe nyumbani. Unakalia sifongo ngumu, mapaja yakiwa karibu na uso wa maji, magoti na nyayo ndani. Mbele yako kuna kitambaa kinachofungwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, kimechorwa rula ya kupimia samaki. Chombo kizima hubebwa mgongoni.

Unaisukuma kwa mapezi ya kuogelea uliyovaa miguuni, na unakwenda kinyumenyume. Mikono yote miwili inabaki huru. Mwendo wake ni mdogo kuliko wa mtu anayetembea bila haraka, na ukikanyaga taratibu unakwenda chini ya kilomita moja kwa saa.

Udhaifu huo ndio unaoifanya ifae Januari. Njia inayoheshimiwa zaidi ya kuvua kambale wa buluu Texas wakati wa baridi ni kuburuza chambo polepole juu ya nyanda tambarare, mwendo wa nusu kilomita hadi kilomita moja na kidogo kwa saa, ili samaki asiyetaka kukimbia apate nafasi ya kukifikia. Wenye mashua hulazimika kununua mifuko mikubwa ya kitambaa, kuitupa majini pande mbili na kuiacha iburute ili upepo usiwapeleke mbio. Nimewaona wamekunja uso wakihangaika na kamba za mifuko hiyo, injini ya farasi mia mbili ikiwa imezimwa nyuma yao, wakitafuta mwendo ambao mimi hauniishi hata nikijitahidi. Isitoshe tyubu haina injini ya kutikisa maji wala sakafu ya bati ya kuangushia koleo. Kambale husikia kuliko samaki wengi. Ana mifupa midogo inayounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, na mgongano wa chuma humfikia mbali. Kwenye maji ya mita mbili hilo si jambo dogo.

Lakini udhaifu huo huo unaweza kukuua, na hapa sitapita haraka.

Kaskazini mwa Texas hakuna mlima wa kuzuia hewa inayoshuka kutoka Kanada. Asubuhi unaweza kuvaa shati, na alasiri mstari wa mawingu ya bluu iliyokolea ukatokea upande wa kaskazini, upepo ukageuka ghafla, na joto likaporomoka nyuzi 15 kwa saa chache. Tarehe 11 Novemba 1911 mji wa Oklahoma City ulifikia nyuzi 28 mchana na kabla ya usiku wa manane ulikuwa nyuzi 8 chini ya sifuri. Mwenye injini akiuona mstari ule huwasha na kuondoka. Wewe huwezi kuukimbia. Upepo wa kilomita 25 kwa saa ukikupiga usoni, unakanyaga kwa nguvu zako zote na mti wa ufukweni hausogei.

Kwa hiyo uchaguzi wa mahali unatangulia uchaguzi wa chambo. Wengi hukimbilia upande wa demani, uliokingwa na upepo, kwa sababu maji yametulia. Kwa mtu wa tyubu huo ni mtego. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda bwawani unakusukuma utoke taratibu bila wewe kuhisi, na ukigeuka kutazama gari lako limekuwa dogo. Huko mbele, nje ya kinga, mawimbi yanakusubiri. Kanuni ninayoifuata ni kuvua ndani ya hori nyembamba, ambamo upepo wowote ule utakutupa kwenye ukingo fulani unaoweza kutembea kutoka hapo hadi barabarani. Hori za Texoma ni nyingi na zinatosha. Katikati ya bwawa waachie wenye mashua. Na usome kanuni za kila hori kabla ya kujaza upepo: ile ya Big Mineral, yenye hifadhi ya ndege ya Hagerman, haikubali vyombo majini wakati wa baridi, kwa kuwa mabata bukini wanaokuja kupumzika ndio wenyeji wa msimu huo.

Kisha kuna maji yenyewe. Gordon Giesbrecht, profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba ambaye amejitumbukiza kwenye maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti, ameyafupisha kwa tarakimu tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya mshtuko, ambapo unahema bila kujizuia na ukivuta maji badala ya hewa habari imekwisha. Dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Tarakimu ya katikati ndiyo ya kukariri. Watu huogopa kuganda, wakati wanaokufa wengi hufa mapema zaidi, vidole vikiwa vimekataa kushika kamba au kufungua kifungo. Jaketi okozi linakuvusha dakika ya kwanza, na linakubeba baada ya ile ya kumi. Livae, likiwa limefungwa nyuma ya kiti halisaidii kitu.

Juu ya mavazi, nunua ovaroli la mpira la kuvulia lililotengenezwa kwa neoprini ya milimita 5 kama unaweza kulivumilia, au lile jembamba linalopitisha jasho ukavaa sufu tabaka mbili ndani. Pamba iache nyumbani. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni soksi: mtu anavaa jozi tatu, buti inabana, damu haipiti, na nyayo zake zinakuwa za kwanza kufa ganzi. Jozi moja nene ya sufu kwenye buti yenye nafasi inashinda. Funga mkanda kiunoni juu ya ovaroli. Ipo imani kwamba ovaroli likijaa maji litakuvuta chini kama nanga. Lee Wulff, mvuvi na mwandishi mashuhuri wa Marekani, aliruka kutoka darajani akiwa amelivaa ili kuonyesha kwamba si kweli. Maji ndani ya maji hayana uzito. Kazi ni kutoka ufukweni ukiwa umeyabeba, na ubaridi wake kwenye ngozi.

Lipo jambo ambalo vitabu vya uvuvi hulikwepa kwa adabu. Mwili ukizama nusu kwenye maji baridi husukuma damu kutoka miguuni kwenda kifuani, figo zikadhani maji yamezidi, na haja ndogo inakuja ndani ya nusu saa hata kama hukunywa chochote. Umevaa tabaka nne na ovaroli lisilo na zipu. Basi nenda haja kabla ya kuvaa, kunywa chai kiasi, na panga safari yako karibu na ufuko. Pombe usiiguse: huipasha ngozi kwa joto linaloibiwa tumboni.

Tyubu nayo hupata baridi. Ukiijaza upepo sebuleni kwenye nyuzi 22 hadi ikawa ngumu, kisha ukaiweka kwenye maji ya nyuzi 7, hewa ndani husinyaa na ndani ya robo saa unahisi kiti kinashuka na magoti yanapanda. Haijatoboka. Ijaze gari likiwa limesimama ufukweni, ilaze majini dakika kumi, kisha iongeze upepo. Ukitoka, fungua vali kidogo kabla ya kuiacha juani, kwani safari ya kurudi ni kinyume chake, na tyubu iliyoongezwa upepo kwenye baridi hupasuka mshono juu ya paa la gari.

Sasa chambo. Kiangazi kambale wa mfereji hunaswa kwa kila uchafu unaonuka: jibini iliyooza, maini, damu iliyoganda. Kwenye maji ya nyuzi 8 mafuta hayo hugandamana na harufu haisafiri. Kambale anaonja kwa ngozi yake yote, kuanzia sharubu hadi mkia, na kinachomfikia wakati wa baridi ni majimaji ya samaki mbichi. Shadi wa asubuhi hiyo hiyo, aliyenaswa kwa wavu wa kutupa, ndiye chambo. Kata kichwa kikiwa na kipande cha utumbo kinachoning'inia. Hicho ndicho bora. Mwili ukate vipande vya upana wa vidole viwili. Kisu kiwe kikali kwa sababu vidole vyako havitakuwa na uvumilivu.

Mtego wenyewe ni mfupi kueleza. Chubwi ya gramu 40 au 50 hutembea huru juu ya mshipi na kuzuiwa na kizungushio. Kutoka hapo kipande cha mshipi mnene cha nusu mita, na katikati yake boya dogo la sifongo lenye ukubwa wa kidole gumba, linaloinua chambo viganja kadhaa juu ya tope. Mwishoni ndoana ya mviringo, ambayo ncha yake imepinda kuelekea shina. Chambo kichomwe pembeni tu, ncha na nafasi yake vibaki wazi.

Fimbo iwe moja. Naona watu wakifunga vishikio vya fimbo tatu kwenye tyubu na ninajua namna siku yao itakavyoisha: samaki mmoja, mishipi mitatu, mapezi mawili ya miguuni, yote yamesokotana, na upepo haujasimama.

Unatupa nyuma ya mahali ulipotoka, unaacha chubwi iguse chini, unaanza kukanyaga kinyumenyume. Ncha ya fimbo inatetemeka kidogo kila chubwi inapokwaruza. Kokoto zinagonga gonga. Tope halisemi kitu. Kisiki kinavuta na kuachia. Baada ya muda unaanza kuisoma sakafu kwa kiganja. Mguso wa kambale wa Januari mara nyingi si mvuto. Ncha inatulia. Ule mkwaruzo unakoma, kana kwamba mtu huko chini ameushika mshipi kwa vidole viwili ili aangalie ni wa nani. Hapo mkono wote unataka kuinua fimbo kwa nguvu, na usifanye hivyo. Ndoana ya mviringo hunasa inapoburutwa polepole hadi kwenye pembe ya mdomo; ukiinyakua unaitoa mdomoni yote. Endelea kukanyaga. Uzito unaongezeka, fimbo inapinda mpaka kwenye mpini, na ghafla wewe ndiye unayevutwa.

Samaki wa kilo 10 anaigeuza tyubu kama mlango kwenye bawaba zake, na anaanza kukupeleka anakotaka. Hilo halipaswi kukutisha, kwa kuwa chombo chenyewe kimekuwa breki: kila mita anayokuvuta anailipia. Legeza breki ya rili kuliko ungefanya ukiwa ufukweni, elekeza magoti yako kwake, kanyaga kurudi nyuma kumtoa kwenye visiki, na umwache achoke. Katika maji baridi pambano halina mbio nyingi. Huwa ni kushuka chini, kutikisa kichwa, kushuka tena.

Hatari huja mwishoni, mkono ulipo karibu. Kambale ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili kwenye mapezi ya ubavuni, na akitaharuki huifunga wima kwa nguvu ya mfupa. Wewe umekaa juu ya mifuko miwili ya hewa. Kitambaa cha nje ni kigumu na huzuia mengi, lakini sitaki kukijaribu nikiwa mita 100 kutoka ufukweni. Kwa hiyo samaki haingii mapajani. Mpokee kwa wavu mpana wa mpira mbele yako, kichwa kwanza, umweke majini ndani ya wavu huku ukimshika taya la chini kwa glovu, kwa maana meno yake madogo hukwangua ngozi kama tupa. Ndoana ikikaa pembeni ya mdomo hutoka kwa koleo mara moja. Mpime kwenye rula wakati bado ameshikwa na wavu, kisha uamue.

Katika kuamua, nina msimamo. Wa kilo moja au mbili mle. Nyama yake wakati wa baridi ni imara na nyeupe. Ondoa ule mstari mwekundu wa ubavuni, ambao ndio wenye ladha ya tope, na ukaangie mafuta ya moto au ummalizie kwa nazi. Wasabato na Waislamu wa Kishia hawatakaa mezani pamoja nawe, kwa kuwa samaki asiye na magamba kwao hapitiki, basi usiwafanyie mzaha wa kuwaficha. Lakini wa kilo 15 kwenda juu mrudishe. Kambale wa buluu huishi zaidi ya miaka 20 na hukua taratibu. Mkubwa amekusanya mwilini kila kilichotiririka bwawani muda wote huo, na ukimtoa bwawa halitampata mwingine kwa miaka. Kinyume chake ni Virginia, ambako waliingizwa kwenye mito ya pwani miaka ya 1970 na sasa wanamaliza viumbe wa Ghuba ya Chesapeake. Huko serikali inawaomba watu wawale wengi wawezavyo. Rekodi ya dunia, kilo 65, ilitoka Ziwa Kerr mpakani mwa Virginia na North Carolina mwezi wa Juni 2011.

Kabla ya yote hayo kata leseni. Bwawa liko kwenye majimbo mawili, na ipo leseni maalumu ya Texoma inayokuruhusu kuvuka mpaka usioonekana majini. Mwachie mtu wa nyumbani jina la hori na saa ya kurudi, iliyoandikwa. Beba filimbi shingoni. Saa mbili majini zinatosha. Ukitetemeka, toka, hata kama shakwe ndiyo kwanza wanaanza kushuka.

Na siku ambayo utabiri unataja upepo wa kaskazini, tyubu ibaki kwenye buti la gari. Chukua fimbo ndefu, kaa kwenye mwamba mahali mkondo wa zamani unapopita karibu na ukingo, utupe mbali. Hukosi kitu kikubwa. Tarehe 16 Januari 2004, Cody Mullennix alinasa hapo hapo Texoma kambale wa buluu wa kilo 55, ambaye wakati ule alikuwa rekodi ya dunia na bado ni rekodi ya Texas. Jike hilo lilipewa jina la Splash, likahamishiwa kwenye tangi la maonyesho mjini Athens, Texas, na watu walikwenda kulitazama hadi lilipokufa Desemba 2005. Mullennix alilivua akiwa nchi kavu.